Mita

Mimi ndiye niliyewachimbia.
Andika hivyo, Sevgül, wewe unayeniuliza
kwa nini uwanda wa Karapınar una matundu
kama mkate ulioachiwa panya.
Lori langu, kekee yangu, mikono hii.

Mwaka wa kwanza maji yalikuwa mita arobaini.
Yalipanda baridi, yana ladha ya chokaa,
na Halis akamchinjia fundi kondoo,
akapanda viazisukari penye ngano kavu ya babu zake.
Majirani walipita polepole, macho kwenye majani mabichi.
Hawakusema kitu.
Usiku nikapigiwa simu nne.

Mita sitini. Mita tisini.
Nikimchimbia huyu, kisima cha yule kinaanza kukohoa,
kinatema mchanga, kinatema hewa,
na mwenyewe ananijia na pesa za mkopo.
Sikuwahi kutafuta wateja.

Usiandike kwamba walikuwa wajinga.
Nurettin alinipigia hesabu juu ya pakiti ya sigara:
“Nikizima pampu, ninachookoa chini
nitagawana na watu mia tatu na kumi na wawili.
Nisipozima, mahindi yote ni yangu.
Wao wakizima, mimi nisizime, heri yangu.
Wao wasipozima, mimi nikazima,
nitakuwa mpumbavu wa kijiji
mwenye dhamira safi na shamba la makapi.
Niambie, fundi, nimekosea wapi?”
Niliigeuza ile pakiti huku na huku.
Hakukosea popote.
Na kila mkulima uwandani alikuwa na pakiti yake.

Döndü, mjane wa mpakani, aliingia mkahawani
mahali wanawake hawaketi,
akasimama kati ya vikombe:
“Tuzime sote, Alhamisi hadi Jumamosi.
Kila kisima kifungwe mita ya maji. Tusomane.”
Mikono ikainuka, hata wa Nurettin,
hata wangu mimi nisiye na shamba.
Ila alipouliza nani atazisoma hizo mita,
nani atagonga mlango wa shemeji yake na kumwambia umezidisha,
tulikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Alhamisi usiku palikuwa kimya kwa saa nzima.
Nilisikia mbwa, nikasikia nyasi.
Kisha ng’ombe wa chuma akaguna chini ya mablanketi;
mtu alikuwa ameifunika mota yake kwa matandiko ya harusi.
Wa kwanza alikuwa mwizi.
Wa pili alimsikia wa kwanza, akaogopa.
Wa tatu na kuendelea, sijui niwaite nani.
Saa sita uwanda wote ulivuma kama mzinga.

Ningeweza kukataa, unasema.
Yakup wa Ereğli alikuwa amenunua mtambo mpya,
unashuka mita mia tatu bila kupumzika.
Ningekataa, angechimba yeye,
maji yangekwisha siku ileile,
na ada yako ya chuo ingelipwa na nani?
Unaona? Hata mimi sivuti sigara,
lakini pakiti ninayo.

Ardhi ya Zekeriya ilishuka mwezi wa Machi, kabla ya jua,
duara kana kwamba imechorwa kwa bikari.
Ilikwenda na pampu, mlozi, nusu ya zizi.
Tulikusanyika ukingoni, tukatupa jiwe.
Tukangoja.
Hakuna aliyethubutu kumtazama Döndü,
naye hakutuambia kitu,
alikuwa akihesabu kondoo wake kwa kidole.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu.
Namba ya Zekeriya.
Nikainua macho: alikuwa ng’ambo ya shimo,
mgongo ameupa umati,
mkono mmoja umeziba mdomo ili wasimsikie.
Nikapokea.
Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama yake,
mita ngapi.